Kuwamba ngozi ya asteroidi: suala la istilahi

Katika toleo hili tunajibu swali la baadhi ya wanafunzi wetu wakazi wa Ndera, hapa Kigali. Wao hubadilisha sura za asteroidi katika michezo ya kompyuta ya anga za juu, na wanauliza wataielezaje kazi hiyo kwa Kiswahili.

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Wengi huita kila jiwe la angani kimondo. Kimondo huingia katika hewa ya Dunia kikiwaka, na kikifika ardhini huendelea kuitwa hivyo, kama kile cha chuma kilichopo Mbozi, Tanzania. Asteroidi ingali inalizunguka Jua.

Sasa, ile picha inayofunika jiwe tuiite nini? Wapo wanaopendelea sura, wengine mchoro. Sisi tunapendekeza ngozi, kwa sababu inakuja na kitenzi chake: kuwamba. Kompyuta huunda umbo tupu, kisha huvuta picha bapa juu yake kama fundi anavyowamba ngozi juu ya mzinga wa ngoma. Mnyarwanda hahitaji maelezo zaidi, kwani kwao husemwa kubamba uruhu. Kitenzi ni kilekile. B ya Kinyarwanda ndiyo w yetu.

Tuchukue Celestia, programu ya bure iliyotoka mwaka 2001. (Si mchezo wa kushindana, lakini vijana huuchezea tu.) Asteroidi nyingi zisizo na ngozi maalumu hutumia faili moja, asteroid.jpg, lililomo katika folda ya textures. Weka kwanza nakala ya faili la asili pembeni. Kisha tengeneza picha ambayo upana wake ni mara mbili ya kimo, kwa mfano pikseli 1024 kwa 512, uihifadhi kwa jina lilelile. Ukifungua programu upya, mawe yote yanayotumia faili hilo yatabadilika pamoja.

Ugumu uko kwenye mshono. Ukingo wa kushoto na wa kulia hukutana nyuma ya jiwe. Rangi zisipolingana, utaona mstari toka ncha hadi ncha. Kwenye ncha zenyewe picha hubanwa, kwa hiyo usichore mashimo makubwa huko.

Kosa linalotuudhi zaidi ni kuchora vivuli. Programu hukokotoa yenyewe mwanga wa Jua. Ngozi yenye vivuli vyake hulifanya jiwe lionekane linamulikwa na majua mawili.

Kuhusu rangi, wachoraji hupenda kijivu cheupe. Lakini Bennu, asteroidi yenye kipenyo cha karibu mita 500 ambayo chombo OSIRIS-REx kilichota sampuli yake mwaka 2020, huakisi takriban asilimia 4 tu ya mwanga. Ni nyeusi kama mkaa, na imejaa mawe. Anayetaka kuiwamba Bennu aanze na masizi.