Fatu hana mchumba, lakini anaweza kuwa mama

Fatu hana mchumba, na hatawahi kumpata. Dume wa mwisho wa aina yake, Sudan, alikufa Machi 19, 2018 akiwa na miaka 45. Vifaru weupe wa kaskazini waliobaki duniani kote ni wawili tu: Fatu na mamake, Najin. Wako hapa kwetu, Ol Pejeta, Laikipia, wakilindwa usiku na mchana.

Usidhani shida ni ukosefu wa dume pekee. Najin ana miguu dhaifu ya nyuma, naye Fatu ana kasoro kwenye mfuko wa uzazi. Hakuna anayeweza kubeba mimba.

Sasa mtoto atatoka wapi? Maabara, buda.

Tangu Agosti 2019, wanasayansi wa mradi wa BioRescue wamekuwa wakimdunga Fatu dawa ya usingizi, kisha kutoa mayai yake kwa sindano ndefu inayopitishwa njia ya haja kubwa. Si kazi ya mchezo. (Najin alistaafishwa 2021 kwa sababu ya umri.) Mayai husafirishwa kwa ndege hadi Cremona, Italia, na kuunganishwa na mbegu za madume waliokwisha kufa. Viinitete vinavyopatikana huhifadhiwa kwenye nitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri.

Wa kubeba mimba ni binamu zao, vifaru weupe wa kusini. Januari 2024 ilitangazwa kwamba mbinu hiyo imefaulu kwa mara ya kwanza, ingawa habari yenyewe ilikuwa chungu. Jike aliyepandikizwa kiinitete, cha kusini kwa majaribio, alikuwa amekufa kwa bakteria baada ya mvua kubwa kufurika. Tumboni alikutwa na kijusi dume cha siku 70, urefu wa sentimita 6.4.

Wapo wanaouliza kwa nini pesa hizi zisitumike kuwalinda wanyama walio hai. Swali zuri, maana maabara haizuii bunduki ya jangili, na ujangili ndio uliotufikisha hapa. Lakini kwa Fatu na Najin, ulinzi pekee umeshachelewa.

Halafu kuna suala la muda. Ndama atahitaji kuishi na wakubwa wa jamii yake ili ajifunze tabia zao. Mimba ya kifaru huchukua takriban miezi 16. Najin alizaliwa 1989. Piga hesabu.