Istilahi za Urushaji katika Softiboli: Neno Lifanye Kazi Kiwanjani

Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo huenda likaonekana dogo, nalo ni maneno anayohitaji mzazi ili amfundishe binti yake kurusha mpira wa softiboli. Wafasiri wengi wamezoea istilahi za sheria, za utawala na za elimu, ambazo huandikwa mezani na kusomwa mezani. Istilahi za michezo zina mtihani wa namna nyingine. Hizo hutamkwa kwa sauti, katika uwanja wenye upepo na vumbi, kwa mtu ambaye mwili wake tayari umo katika mwendo. Neno lisipoeleweka papo hapo, mwili hukosea. Na mwili wa mtoto ukikosea mara nyingi, huumia.

Tulilazimika kulifikiri jambo hili baada ya kujiwa na mama mmoja, mtumishi wa Serikali, ambaye alihamia Dodoma wizara zilipoanza kuhamishiwa huko kuanzia mwaka 2016. Binti yake mwenye umri wa miaka 12 aliupenda mchezo wa softiboli, na hasa kazi ya mrushaji. Mama hakupata kuucheza mchezo huo hata siku moja, lakini aliamua kujifunza ili ampe mtoto mazoezi jioni, baada ya saa za kazi. Alipewa karatasi chache za maelekezo zilizofasiriwa kutoka Kiingereza. Sentensi moja katika karatasi hizo ilisema: "Kaza kiwiko, zungusha mkono kama kinu cha upepo, kisha tupa pigo." Mama aliisoma, akamwambia mtoto akaze kiwiko, na mtoto akatii. Baada ya majuma mawili binti alianza kulalamika kuwa mkono unamwuma, nao wakasimamisha mazoezi. Mama alipotuletea karatasi zile alikuwa na swali moja tu: "Nimwambie nini mtoto?"

Kabla ya kujibu swali hilo, yafaa tuueleze mchezo wenyewe kwa ufupi. Softiboli ni ndugu wa besiboli. Ilianza katika mji wa Chicago, Marekani, mwaka 1887, ikichezwa ndani ya nyumba wakati wa baridi. Mpira wa kwanza haukuwa mpira hasa, bali glavu ya ndondi iliyofungwa kwa kamba. Baadaye mchezo ulitoka nje, ukaenea, na ukawa mchezo mkubwa wa wanawake hata kuingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1996. Nchini Tanzania besiboli na softiboli zimeanza kuchezwa katika baadhi ya shule katika miaka ya 2010, na mwaka 2018 uwanja wa besiboli ulifunguliwa katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, kwa msaada wa Japani. Kwa hiyo mchezo huu ni mgeni bado, na maneno yake hayajapata makazi ya kudumu katika lugha yetu. Huu ndio wakati wa kuyachagua, kabla makosa hayajawa mazoea.

Tuanze na jina. Wako wanaopendekeza tuseme "mpira laini". Pendekezo hilo ni tafsiri ya neno kwa neno, tena linapotosha. Mpira wa softiboli unaochezewa na watu wazima una mzingo wa inchi 12, yaani kiasi cha sentimita 30 na nusu, na uzito wa gramu kati ya 178 na 198. Hauna ulaini wowote, na mzazi akiamini jina hilo atamwacha mtoto asimame mbele yake bila kinga. Kiswahili kina desturi yake ya kuyapa majina michezo ya mpira: hukitazama chombo au kiungo kinachoonekana. Ndiyo maana tunasema mpira wa miguu, wa wavu, wa kikapu, wa pete na wa magongo. Kwa kuwa gongo limekwisha kuchukuliwa na mchezo mwingine, tunaona hakuna ubaya kulipokea jina softiboli kama lilivyo. Jina la mchezo laweza kuwa la mkopo bila kumdhuru mtu. Lakini neno linaloamuru mkono ufanye nini halina budi kuwa neno ambalo mkono unalijua.

Neno la pili ni tendo lenyewe la kurusha. Karatasi za mama yule zilitumia "tupa". Kutupa, katika matumizi ya kila siku, kwaweza kuwa kuacha kitu kiende kisikohitajika, kama mtu atupavyo takataka. Kurusha ni kukifanya kitu kiruke, na neno hilo limekwisha kuzoeleka katika riadha, ambako twasema kurusha mkuki, kisahani na tufe. Tena lina faida ya kunyambulika vizuri: mrushaji humrushia mpigaji, nao urushaji ni kazi yake. Tunapendekeza kurusha liwe la tendo hilo maalumu linaloanzisha mchezo, na pale ambapo mchezaji humpelekea mwenzake mpira uwanjani, tuseme kupasia, kama ilivyo katika mpira wa miguu. Mama akisema "rusha", mtoto ajue ni kwa mpigaji. Akisema "pasia", ajue ni kwa mwenzake.

Hapa pana mtego ambao wafasiri wasiocheza na watoto hawauoni. Wasichana wengi wa Tanzania wamekulia katika mchezo wa rede, unaofanana na ule uitwao nage huko Zanzibar. Katika rede wachezaji wawili husimama pande mbili na kuwapiga kwa mpira walio katikati, nao hukwepa. Kwa hiyo katika rede mwenye mpira ndiye apigaye. Katika softiboli mambo ni kinyume: mwenye mpira harushi ili ampige mtu, na akimpiga mwenye gongo, huyo hupewa kituo cha kwanza bure. Msichana mzoefu wa rede akiambiwa "wewe ndiwe mpigaji", ataukamata mpira na kutafuta mtu wa kumpiga. Ili kuepuka utata huo, siku za mwanzo mwalimu na amwite yule wa gongo "mpiga gongo", mpaka mtoto atakapoyazoea mazingira mapya. Hata hivyo rede si adui wa mwalimu. Humfundisha mtoto kulenga, na mama yule alipokumbushwa hivyo alifurahi, maana aliicheza sana utotoni na alikuwa akijidhani hajui kitu.

Sasa tuje kwenye kinu cha upepo. Mrushaji wa softiboli hurusha kwa chini, si kwa juu ya bega. Mkono huanzia mbele ya mwili, hupanda, hupita juu ya kichwa, hushuka nyuma, na mpira huachiwa karibu na nyonga. Ni duara moja kamili. Waingereza na Wamarekani huufananisha mzunguko huo na kinu cha upepo. Mfano huo unawafaa wao. Lakini kinu huzunguka bila kikomo, wala hakiachii kitu. Siri ya urushaji huu haimo katika kuzunguka peke yake, imo katika kuachia.

Katika nyanda za kati, ambako mtama na uwele hulindwa dhidi ya kweleakwelea na ndege wengine waharibifu, upo mfano ulio karibu zaidi, nao ni kombeo. Anayeamia ndege hulitia jiwe katika kombeo, hulizungusha, kisha huachia ncha moja ya ukambaa kwa wakati wake. Akiachia kabla ya wakati, jiwe huenda kusikotakiwa. Akichelewa, vivyo hivyo. Mkono wa mrushaji wa softiboli ni kombeo: bega ndipo mahali pa kushikilia, mkono ni ukambaa, na kiganja ni kile kipande kinachobeba jiwe. Mpira ukiachiwa mapema, mkono ungali unashuka, huishia mchangani mbele ya mpigaji. Ukiachiwa kwa kuchelewa, mkono umekwisha kuanza kupanda, hupita juu ya kichwa chake. Kwa hiyo tunapendekeza "mrusho wa kombeo". Istilahi hii inabeba somo zima ndani yake, kwa sababu ukambaa ukakamaao hauwezi kuvurumisha jiwe.

Hilo latufikisha kwenye kosa lililomwumiza mtoto. Neno kiwiko lina utata wa siku nyingi. Wako wanaolitumia kwa maungio ya katikati ya mkono, na wako wanaolitumia kwa maungio ya kiganja. Maelekezo ya asili yalitaka kiganja kifyatuke kwa nguvu mpira unapotoka. Mfasiri aliandika kiwiko akikusudia maungio ya kiganja. Mama alisoma kiwiko akielewa maungio ya katikati. Kila mmoja alikuwa na haki kwa Kiswahili chake, na katikati yao akaumia mtoto. Tena neno "kaza" liliongeza madhara, kwa kuwa kukaza ni kukifanya kitu kisisogee, na hapo palitakiwa mwendo. Tunashauri kwamba katika maandishi yanayohusu mwili, yawe ya michezo au ya tiba, neno kiwiko lisisimame peke yake. Tuseme kifundo cha mkono kwa maungio ya kiganja, na kisugudi kwa maungio ya katikati, tukiongeza maelezo pale ambapo msomaji huenda asilijue neno hilo. Na kitendo cha kifundo tukiite kufyatua, neno ambalo kila aliyepata kutega mtego analijua. Sentensi ile basi ingesomeka hivi: "Legeza kisugudi, zungusha mkono kama kombeo, na mpira ufikapo kwenye nyonga, fyatua kifundo na uachie."

Limebaki neno "pigo". Katika softiboli, mpira ukipita juu ya kibao cha nyumbani, kati ya magoti na makwapa ya mpiga gongo, naye akauacha, au akijaribu kuupiga akaukosa, mwamuzi huhesabu jambo dhidi yake. Neno la Kiingereza la hesabu hiyo lina maana ya kupiga, na ndiko lilikotoka "pigo". Lakini mchezaji huyo hakupiga! Msomaji wa Kiswahili akiambiwa kwamba mtu mwenye mapigo matatu hutolewa, atashangaa kwa nini anaadhibiwa kwa kupiga. Hapa hatuna budi kufasiri kazi ya neno, tuliache umbo lake. Tunapendekeza "dosari ya mpigaji", na kwa mpira uliorushwa nje ya eneo hilo bila mpigaji kuujaribu, "dosari ya mrushaji". Dosari 3 za mpigaji humtoa. Dosari 4 za mrushaji humpa mpigaji kituo cha kwanza. Mzazi asiyeujua mchezo ataielewa hesabu hiyo siku ya kwanza.

Maneno mengine hayana matatizo makubwa. Anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji ni mdakaji, kutokana na kudaka, neno ambalo watoto wanalo katika mchezo wa mdako. Mahali pa kukimbilia ni kituo, kwa kuwa "besi" limekwisha kuwa la waimbaji. Kipindi ambacho kila timu hupata nafasi ya kupiga ni zamu, na mchezo kamili una zamu 7. Chombo cha kupigia ni gongo. "Beti" tuwaachie washairi. Mahali anaposimama mrushaji ni kibao cha mrushaji, nacho kwa wanawake watu wazima huwa umbali wa futi 43, yaani mita 13 na kidogo, kutoka kibao cha nyumbani. Watoto huwekewa umbali mfupi zaidi.

Mama yule alizichukua karatasi zilizosahihishwa, akasubiri mpaka mkono wa binti ukapona, wakaanza upya, kwanza bila mpira. Baadaye alitueleza kuwa sasa anatumia maneno matatu tu wakati mtoto anarusha: "kombeo", "fyatua", "achia". Hatudai kwamba istilahi humfanya mtu kuwa bingwa. Tunachosema ni kwamba mtoto harushi tena kwa mkono mkavu, na kwamba mama haogopi tena kumwelekeza.

Wafasiri wenzetu, mnapopewa maandishi ya namna hii, msiridhike kuyasoma mezani. Yapelekeni kwa mtu atakayeyatumia, ayatamke kwa sauti, nanyi mtazame mwili wa mwanafunzi unatenda nini. Walimu wa michezo na wazazi wa Dodoma, Singida na kwingineko, ambao wana maneno bora kuliko haya, tunawaomba wayalete yajadiliwe. Iwapo katika sehemu zenu kombeo huitwa teo, au kisugudi huitwa kisukusuku, tuelezeni pia, maana istilahi husanifishwa kwa kupimwa na wale watakaoitamka.