Ubingwa wa Dunia Uliokufa kwa Sababu ya Jina Lake

Katika mazungumzo ya leo tutaeleza habari za mashindano ya tenisi yaliyochezwa mara saba tu, kisha yakaondoka. Hayakuuawa na vita, ingawa vita viliyasimamisha kwa miaka mitano. Wala hayakukosa wachezaji, maana mabingwa wakubwa wa zamani zile waliyashindania. Kilichoyaua ni jina lake.

Jina hilo lilikuwa Ubingwa wa Dunia wa Viwanja Vigumu. Huenda msikilizaji akauliza, viwanja vigumu ni viwanja gani? Zamani zile tenisi ilihesabiwa kuwa mchezo wa majani, na uwanja wa nje usiokuwa na majani uliitwa mgumu, hata ukiwa wa udongo mwekundu. Uwanja wa namna hiyo hujengwa kwa matabaka ya mawe na changarawe, na juu yake hutandazwa vumbi la matofali yaliyosagwa, likamwagiwa maji na kushindiliwa. Mpira uangukapo hapo hupunguza mwendo na kuruka juu, hata mpinzani akapata nafasi ya kuufikia. Kwa hiyo nguvu za mkono peke yake hazitoshi. Hushinda mwenye subira, pumzi na hila.

Waingereza walikuwa na mashindano yao ya majani huko Wimbledon tangu 1877. Wafaransa nao walikuwa na ubingwa wao tangu 1891, lakini walioruhusiwa kucheza ni wanachama wa vilabu vya Ufaransa tu. Basi mgeni aliyetaka kupimana nguvu na Wafaransa katika mashindano makubwa ya udongo nchini mwao alikuta mlango umefungwa. Mwaka 1912 mlango ukafunguliwa: mashindano mapya, ya watu wa mataifa yote, yalianza katika viwanja vya klabu ya Stade Français huko Saint-Cloud, kando ya Paris.

Mwaka ule wa kwanza waliokutana katika mchezo wa mwisho walikuwa Wajerumani wawili, Otto Froitzheim na Oscar Kreuzer, na Froitzheim akashinda. Kwa wanawake alishinda Mfaransa, Marguerite Broquedis. Mwaka 1913 na 1914 alishinda Anthony Wilding wa New Zealand. Na mwaka 1914 alitokea msichana wa Kifaransa, Suzanne Lenglen, aliyekuwa ametimiza miaka 15 siku chache tu kabla, akawashinda wanawake wote.

Wakati huohuo mambo mengine yalikuwa yakitengenezwa mezani. Mwezi Machi 1913 wajumbe wa vyama vya tenisi vya nchi mbalimbali walikutana Paris, wakaunda Shirikisho la Kimataifa. Shirikisho hilo likakubali mabingwa wa dunia wa namna tatu: bingwa wa majani, ambaye ni mshindi wa Wimbledon, bingwa wa viwanja vigumu, ambaye ni mshindi wa Paris, na bingwa wa viwanja vya ndani ya nyumba. Mwaka ule ule Wilding aliushinda ubingwa wote mitatu.

Marekani haikuridhika. Nchi hiyo ilikuwa na ubingwa wake tangu 1881, na Kombe la Davis lilikuwa limeanzishwa na Mmarekani mwaka 1900. Wamarekani waliona si haki jina la bingwa wa dunia wa majani liwe mali ya Wimbledon daima, kana kwamba bingwa wao alikuwa bingwa wa kijiji. Wakakataa kuingia katika Shirikisho. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Kabla ugomvi huo haujapatanishwa, vita vikatangazwa. Mwishoni mwa Julai 1914 Froitzheim na Kreuzer walikuwa Pittsburgh, Marekani, wakicheza Kombe la Davis; na katika timu waliyopambana nayo alikuwamo Wilding. Wachezaji hao watatu walikuwa wakipigiana mpira kwa adabu hali nchi zao zikiingia vitani. Wajerumani wale wawili walipopanda meli kurudi kwao, walikamatwa baharini, wakafungwa Gibraltar. Wilding alijiunga na jeshi la Uingereza, akauawa Ufaransa tarehe 9 Mei 1915, umri wake miaka 31.

Mashindano yalifufuka mwaka 1920, na William Laurentz wa Ufaransa akashinda. Dorothy Holman wa Uingereza akashinda kwa wanawake. Mwaka 1922 yalihamia Brussels kwa mara moja, na aliyeshinda ni kijana wa Kifaransa wa miaka 20, Henri Cochet. Suzanne Lenglen alishinda 1921, 1922 na 1923, wala hakupatikana wa kumzuia.

Lakini tazameni ajabu hii. Mwaka 1921 bingwa wa dunia wa viwanja vigumu alikuwa Bill Tilden, na mwaka 1923 Bill Johnston, wote wawili Wamarekani. Nchi iliyolikataa jina hilo ndiyo ambayo watu wake walikuwa wakilitwaa! Shirikisho likaona kwamba haliwezi kujiita la dunia nzima hali Marekani iko nje. Mwaka 1923 wakapatana: Marekani itaingia, na majina yote matatu ya ubingwa wa dunia yatafutwa. Badala yake, mashindano ya nchi nne, yaani Uingereza, Ufaransa, Marekani na Australia, yatahesabiwa kuwa makubwa, kila moja sawa na mwenziwe. Hayo ndiyo yanayoitwa manne makubwa hata leo.

Hivyo mwaka 1923 ukawa wa mwisho. Mwaka 1925 Wafaransa walifungua ubingwa wao kwa wageni, na mwaka 1928 ukapata makao katika uwanja mpya uliopewa jina la Roland Garros, rubani aliyeruka juu ya bahari ya Mediterania mwaka 1913 na kufa vitani mwaka 1918. Kazi iliyofanywa na mashindano ya Saint-Cloud ikarithiwa na uwanja huo.

Walakini urithi huo haukupita bila hasara. Vitabu vinavyohesabu ushindi wa mashindano makubwa kwa kawaida haviyaweki yale ya 1912 hadi 1923 katika hesabu. Lenglen aliushinda ubingwa ule mara nne, lakini alikuwa bado kijana, akapata kushinda mengine. Cochet vilevile. Wilding hakupata nafasi hiyo. Mwaka 1913 alikuwa bingwa wa dunia mara tatu. Miaka minane baada ya kufa kwake, watu wakakaa mezani wakayafuta majina yote matatu. Mapatano yale yalikuwa ya haki, maana bila hayo mchezo usingekuwa wa dunia nzima. Lakini atakayesoma orodha za mabingwa na akumbuke kwamba orodha huandikwa na wenye kupatana, na kwamba kuna waliocheza vizuri ambao haki yao ilitolewa kuwa bei ya mapatano.