Kupe Hajui Mpaka: Safari ya Kirusi cha Homa ya Crimea-Kongo

Uwanda wa Kitulo, ulioinuka hadi mita 2,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari, huitwa Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake. Chini yake, mjini Makambako, barabara kuu iendayo Zambia hukutana na ile ya Njombe na Songea. Mifugo hupita hapo ndani ya malori. Na nyuma ya masikio na chini ya mikia ya mifugo hiyo, kupe nao husafiri.

Kupe aina ya Hyalomma, mwenye miguu ya mistari, hupenda nyanda kavu, wala si baridi ya Kitulo. Hata hivyo, ng'ombe aliyenunuliwa mbali huweza kuja naye, na pamoja naye kirusi cha homa ya Crimea-Kongo. Ng'ombe mwenyewe haugui. Hubeba kirusi damuni kwa takriban wiki moja, na jicho la mnunuzi halioni dalili yoyote.

Jina la ugonjwa huu lina historia yake. Mwaka 1944 uliwashambulia askari na wakulima wa Crimea. Mwaka 1956 kirusi kilipatikana katika damu ya mgonjwa huko Kongo. Mwaka 1969 wataalamu walithibitisha kwamba vyanzo hivyo viwili ni kirusi kimoja.

Vinasaba vya kirusi hicho vimegawanyika katika vipande vitatu. Aina mbili zikikutana ndani ya kupe mmoja, huweza kubadilishana vipande na kuzaa aina mpya. Kwa kulinganisha vipande hivyo, wachunguzi hutambua koo za Afrika, Asia na Ulaya, na kufuata nyayo zake: biashara ya mifugo kwa upande mmoja, ndege wahamao wenye kupe wachanga kwa upande wa pili. Mwaka 2016 mgonjwa mmoja alifariki nchini Hispania baada ya kuumwa na kupe. Kirusi chake kilikuwa cha ukoo wa Afrika. Muuguzi aliyemhudumia aliambukizwa, lakini akapona.

Jirani zetu Uganda wameripoti milipuko mara kwa mara tangu mwaka 2013, na kingamwili za kirusi hiki zimepatikana katika ng'ombe wa kaskazini mwa Tanzania. Kwa hiyo mhudumu wa zahanati asitosheke na kipimo cha malaria pekee. Mgonjwa mwenye homa ya ghafla, maumivu ya misuli na kutokwa damu aulizwe: je, umeumwa na kupe? Umechinja au kuchuna mnyama karibuni? Jibu likiwa ndiyo, vaa glavu na kinga ya uso, mtenge mgonjwa, na utoe taarifa wilayani mara moja. Ugonjwa huu huua hadi watu 40 kati ya 100 wanaougua.

Kwa mfugaji na mchinjaji, kinga iko mikononi mwao. Ogesha mifugo joshoni. Ng'ombe mgeni atengwe na kunyunyiziwa dawa kabla ya kuchanganywa na wengine au kuchinjwa. Usimpasue kupe kwa vidole, wala usimchome moto: mshike kwa kibanio karibu na ngozi, umvute taratibu, kisha unawe. Na ukienda zahanati, mweleze mhudumu habari za kupe na za machinjioni hata kabla hajauliza.