TV ya Chogo: Usiicheke, Usiifungue

Wiki iliyopita mzee alinipigia simu kutoka nyumbani Nemba, Biharamulo. "Mwanangu, mdogo wako anataka kuifungua ile TV ya zamani atoe sumaku na nyaya za shaba. Nimwache?" Nikamjibu haraka: "Hapana baba, asiiguse kabisa." Akauliza kwa nini. Hapo nikababaika kidogo. Kidato cha nne tulisoma mionzi ya kathodi, tukachora mchoro, mtihani tukapita. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba kifaa chenyewe kipo sebuleni kwetu, kimefunikwa kitambaa cha kufuma.

Basi nimweleze mzee, na wewe msomaji usikilize.

Lile chogo halikuwekwa kwa urembo. Ndani kuna chupa kubwa ya kioo iliyotolewa hewa yote. Nyuma, kwenye shingo yake, kuna kisehemu kinachopata moto na kurusha elektroni. Umeme wa volti 20,000 na zaidi unazivuta mbele kwa kasi, na koili zilizozunguka shingo zinazipinda kushoto, kulia, juu na chini. Zikigonga unga uliopakwa nyuma ya skrini, unga unawaka nyekundu, kijani au bluu. Picha inachorwa mstari kwa mstari, mistari 625, picha kamili 25 kila sekunde. Jicho linadanganyika, linaona mpira unatembea. Kwa hiyo ukiweka spika kubwa karibu rangi zinahama: sumaku yake inazipotosha elektroni njiani.

Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973. Bara tulisubiri hadi miaka ya 1990. Kwa hiyo familia nyingi zilianzia kwenye chogo. Hata mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, TV hizi hazikufa. Unachomeka king'amuzi kwenye tundu tatu, njano, nyeupe na nyekundu, maisha yanaendelea.

Uzuri wake upo. Ukikaa pembeni kabisa mwa sebule, picha haipauki, na jirani aliyechungulia dirishani anaona vilevile. Weusi wake ni weusi kweli. Na fundi wa mtaani mara nyingi anaitengeneza kwa kubadilisha kifaa kimoja, wakati TV bapa ikipasuka kioo, ndiyo basi.

Ila hasara zake zinauma, hasa kwa wanaotumia sola. Inchi 21 inaweza kula wati 70 hivi. Jumlisha king'amuzi na umeme unaopotea kwenye inveta, unafika karibu wati 100. Betri ya volti 12, Ah 100, ukitumia nusu yake ili usiiue, inakupa kama saa sita. TV ndogo bapa ya volti 12 inayokula wati 20, na king'amuzi cha wati 15 kisichohitaji inveta, inakwenda saa 17. Ongeza uzito wa kilo ishirini na kitu, na skrini karibu ya mraba ambayo matokeo ya mechi kwenye kona unayasoma kwa kukisia. Ukiiona ya bei chee hapa chuoni kwa ajili ya geto, piga hesabu hiyo kwanza.

Sasa jibu la mzee. Ile chupa inaweza kutunza chaji hata baada ya kuchomoa waya. Ukigusa pasipostahili inakutupa ukutani, au zaidi ya hapo. Ikigongwa nyundo, hewa inaingia kwa nguvu na vioo vinaruka. Na kioo chenyewe kina madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo kuivunjia shambani au karibu na kisima si kumaliza tatizo. Ikifa, ipelekwe kwa fundi ikiwa nzima.

Mzee aliposikia hivyo akasema, "Kumbe! Basi ibaki palepale." Mdogo wangu alichukua simu na kuuliza kitu kimoja: sasa umeme unaingiaje ndani ya chupa isiyo na hewa? Swali zuri. Nimemwahidi nikirudi likizo tutalijibu pamoja, TV ikiwa imewashwa na mfuniko wake ukiwa umefungwa.