Kwa nini LUKU ilidai tarakimu 60: jinsi namba inavyobeba amri

Mwaka 2024, wateja wa LUKU wa Mbagala, Tandale na kwingineko nchini walinunua umeme wakapewa tarakimu 60 badala ya 20 walizozizoea. Yalikuwa makundi matatu ya kuingiza kwenye mita moja baada ya jingine, na mwisho ulikuwa tarehe 24 Novemba. Wengi walichojua ni kwamba mita zinaboreshwa, basi. Ili kuelewa sababu yenyewe, inabidi kwanza tuone jinsi amri inavyopakiwa ndani ya namba. Mfano ulio wazi kuliko yote ni prosesa.

Prosesa haijui neno “ongeza”. Inajua namba tu. Kila amri ni namba iliyogawanywa vyumba, na kila chumba kina biti zake. Tuchukue RISC-V, muundo wa prosesa ulioanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010. Tunataka kuiambia: “ongeza 20 kwenye rejista ya 5”. Rejista ni kijisanduku cha kushikilia namba ndani ya prosesa. Amri hii ina biti 32. Kuanzia kulia:

- biti 7: aina ya amri (hapa ni 19)
- biti 5: rejista ya kupokea jibu (5)
- biti 3: tendo lenyewe (kujumlisha ni 0)
- biti 5: rejista ya kusoma (5)
- biti 12: namba ya kuongeza (20)

Kusimba ni kuzidisha na kujumlisha. Chumba cha kwanza kina biti 7, kwa hiyo cha pili kinazidishwa kwa 2 kipeo cha 7, yaani 128, na vinavyofuata vivyo hivyo:

19 + (5 × 128) + (0 × 4,096) + (5 × 32,768) + (20 × 1,048,576) = 21,136,019

Kusimbua ni kurudi nyuma. Toa kikokotoo cha simu: 21,136,019 gawanya kwa 128, unapata 165,125 na baki ni 19. Hiyo 165,125 gawanya kwa 32, baki 5. Endelea kwa 8, halafu 32, na mwishoni itabaki 20. Vyumba vyote vimefunguka.

Maktaba ndogo ya kodi ya kusimba na kusimbua amri inafanya hilo tu, ikiwa na jedwali la vyumba vya kila amri. Ugumu uko kwenye mipaka. Biti 12 za hapa zinabeba kuanzia -2,048 hadi 2,047. Ukiomba 5,000, na maktaba ikakata kimyakimya biti zilizozidi, prosesa itaongeza 904 bila kulalamika. Programu itaendelea na jibu la uongo. Maktaba nzuri inakataa hapohapo.

Sasa turudi kwenye mita. Tarakimu 20 za LUKU ni namba ya biti 66, kwa kiwango cha kimataifa kiitwacho STS. Yenyewe hufungwa kwa ufunguo wa siri, kwa hiyo kikokotoo hakitaifungua, ila ndani yake kuna vyumba vilevile: biti 16 za kiasi cha umeme, 16 za kukagua makosa, na 24 za muda. Chumba cha muda huhesabu dakika tangu Januari 1, 1993, ili namba iliyokwisha kutumika isiingizwe tena.

Biti 24 zinatosha dakika 16,777,216, yaani kama miaka 32. Hesabu kutoka 1993 na utaangukia Novemba 24, 2024! Chumba kilijaa. Makundi mawili ya kwanza yalikuwa ya kubadilisha ufunguo wa mita ili hesabu ianze upya. La tatu ndilo lililobeba umeme. Mita ambayo haikubadilishwa isingekubali tena umeme mpya.

Kwa hiyo upana wa chumba, ambao mhandisi huuamua siku moja mezani, unaweza kumfikia mama wa Temeke miaka 30 baadaye akiwa gizani. STS ina mwanzo mwingine wa hesabu, mwaka 2014, na kwa biti zilezile 24 chumba kitajaa tena 2045.

Ukitaka kujipima, simba amri ileile lakini uongeze 7 badala ya 20. Ukipata 7,504,531, umeandika lugha ya mashine kwa mkono.