Pampu zipo Kariakoo, taarifa za mwamba ziko wapi?

Katika maduka ya zana ya Kariakoo na Gerezani, mchimbaji mdogo kutoka Geita au Chunya hakosi kitu: pampu za maji, jenereta, kompresa, mota za karasha. Anachokosa ni taarifa za mwamba anaokwenda kuuchimba. Mtaji hutoka kabla dhahabu haijaonekana, na duara, yaani shimo la uchimbaji, likitoka kapa, deni humrudia mwenye duka aliyemkopesha.

Kasoro hiyo ni ya nchi nzima. Kanda ya Ziwa imekaa juu ya kratoni ya Tanzania, gome la kale lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, lililobeba dhahabu ya Geita na almasi ya Mwadui. Hata hivyo, mwaka 2023 Wizara ya Madini ilieleza kuwa ni asilimia 16 tu ya nchi iliyofanyiwa utafiti wa kina wa jiofizikia kwa ndege. Lengo ni asilimia 50 ifikapo 2030.

Ndege hiyo huruka chini, kwa mistari iliyokaribiana, ikipima usumaku na mionzi ya miamba. Kwa kina zaidi hutumika mawimbi ya matetemeko, au mikondo ya umeme inayozaliwa ardhini kutokana na radi za mbali na misukosuko ya jua. Pale Olympic Dam, Australia, madini yaligunduliwa mwaka 1975 chini ya mamia ya mita za miamba mitupu. Baadaye vipimo vya umeme vilionyesha njia inayopitisha umeme ikishuka kilomita nyingi chini ya mgodi.

Vipimo hivi havimwonyeshi mtu pa kuchimba. Hupunguza eneo la kutafuta kabla ya kuchoronga, kazi inayokula fedha nyingi. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, tayari limenunua mitambo ya kuchoronga kwa ajili ya wachimbaji wadogo, lakini mtambo usioelekezwa nao hubahatisha. Mwenye duka naye angenufaika, kwani mteja anayechimba penye dalili hulipa na kurudi.

Kampuni kubwa zina wataalamu wao wa kusoma takwimu. Taasisi ya Jiolojia, GST, isipozitoa kwa bei na lugha inayomfaa mchimbaji mdogo, asilimia 50 hiyo itawanufaisha wale wale.